Shinikizo la baruti katika risasi kubwa za uwindaji: kwa nini .416 Rigby ya mgeni ilikwama kwenye joto?

Fundi wa Makupa

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Mimi ni fundi wa kukereza vyuma hapa Makupa, Mombasa. Sina bunduki wala sitafuti kuwa nayo. Ninauliza kwa sababu jambo lenyewe ni la chuma, shaba na moto, ambavyo ndivyo vitu vya kazi yangu, na maelezo niliyoyapata mpaka sasa hayajanitosheleza.

Shemeji yangu yuko Arusha, na kazi yake ni kuongoza wageni wawindaji upande wa Tanzania, ambako uwindaji wa leseni bado upo. Msimu huu alimpokea mgeni kutoka Montana, Marekani, aliyekuja na bunduki ya komeo (chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma) ya .416 Rigby pamoja na risasi alizozijaza mwenyewe nyumbani kwake. Mgeni alieleza kwamba alizijaza na kuzijaribu wakati wa baridi kali, akaridhika nazo, na kwamba kwa makusudi aliongeza baruti kupita kiwango cha kitabu cha kujazia risasi, kwa kuwa kwa maoni yake kiwango hicho kiliwekwa chini tangu zamani kwa sababu ya chuma dhaifu cha enzi hizo. Alisema .416 Remington ya kisasa inaruhusiwa shinikizo kubwa zaidi, hivyo haoni sababu ya Rigby kubaki nyuma.

Walipofika kambini, kabla ya kuingia porini, shemeji alimtaka apige shabaha ya karatasi, kama ilivyo desturi yao. Risasi zilikuwa zimekaa ndani ya gari lililofungwa, juani, tangu asubuhi. Baada ya risasi ya pili komeo lilikataa kufunguka, likalazimika kugongwa kwa kipande cha mbao ndipo ganda likatoka. Shemeji akakataa kumpeleka mtu huyo mbele ya nyati akiwa na risasi zile, na mgeni hakufurahi.

Ninaomba kujua mambo matatu. Je, ni kweli kwamba kiwango cha Rigby kiko chini kwa sababu ya chuma cha kale tu? Je, joto la gari peke yake linaweza kuleta tofauti ya namna hiyo? Na la tatu ni tofauti kidogo: shemeji amewahi kuona mgeni mwingine, mwenye bunduki ya mitutu miwili ya .470, ambaye ndani ya maganda yake alitia sufi juu ya baruti. Sufi hiyo ina kazi gani?

---

Mwalimu wa Fizikia, Tudor

Waaleikum salaam, fundi. Nitalijibu la kwanza, kwa sababu ndilo lililobeba hoja ya mgeni, na hoja hiyo nusu yake ni kweli, jambo linaloifanya iwe ya hatari kuliko kama ingekuwa uongo mtupu.

Tuanze na kazi ambayo risasi hizi zilitengenezwa zifanye. Risasi ya .470 Nitro Express, iliyo ya mwanzoni mwa karne ya 20, hurusha kichwa (kile kipande kinachotoka mtutuni) cha gramu 32 hivi kwa mwendo wa mita 655 kwa sekunde. .416 Rigby, iliyotolewa mwaka 1911, ilirusha kichwa cha gramu 26.6 kwa mita 722 kwa sekunde. .416 Remington Magnum, ya mwishoni mwa miaka ya 1980, hurusha kichwa cha karibu gramu 26 kwa mita 730 kwa sekunde. Ukikokotoa nishati ya kila moja kwa kanuni ya kawaida, nusu ya uzito mara mwendo kwa kipeo cha pili, utaona kwamba zote tatu zinaangukia karibu na jouli 6,950, tofauti yao ikiwa ndogo mno. Mnyama anayepigwa hana njia ya kuzitofautisha kwa nguvu.

Lakini angalia shinikizo la juu ambalo viwango vya Ulaya vinaruhusu kwa kila moja: megapaskali 270 kwa .470, 325 kwa Rigby, na 430 kwa Remington. Kazi ni ileile na shinikizo ni tofauti kabisa. Sababu ni nafasi iliyomo ndani ya ganda. Ganda la Rigby lina ujazo unaozidi ule wa Remington kwa takriban moja ya tano. Gesi ikiwa na nafasi kubwa ya kuanzia, unaweza kuunguza baruti nyingi zaidi inayowaka polepole, ukasukuma kichwa kwa muda mrefu zaidi ndani ya mtutu bila kilele cha shinikizo kupanda sana. Ukilifupisha au kulikondesha ganda ili liingie kwenye bunduki ndogo na ya bei nafuu, huna budi kulipa kwa shinikizo. Kwa hiyo John Rigby na wenzake hawakuwa wamebaki nyuma ya Remington. Walikuwa wamenunua utulivu kwa kutumia ganda kubwa.

Sasa tuje kwenye chuma, uwanja wako. Nguvu inayosukuma komeo kwenda nyuma ni shinikizo mara eneo la kitako cha ganda. Kipenyo cha ganda la Rigby karibu na kitako ni milimita 14.96. Kile cha Remington, ambalo ganda lake limetokana na ukoo wa .375 Holland & Holland, ni milimita 13 hivi. Nimekokotoa kwa vipenyo vya nje, hivyo nguvu halisi ni ndogo kidogo kwa kila upande, lakini ulinganisho unabaki. Rigby kwa megapaskali 325 inasukuma komeo kwa nguvu ya kilonyutoni 57. Remington kwa megapaskali 430 inasukuma kwa kilonyutoni 57 vilevile. Viwango viwili vinavyoonekana mbali sana vinaligonga komeo sawasawa. Mgeni akiipandisha Rigby hadi megapaskali 430, komeo lake linapokea kilonyutoni 75 na zaidi, yaani uzito wa zaidi ya tani saba na nusu badala ya tani sita kasoro. Yeye alidhani anaifikia Remington, kumbe anaipita kwa karibu theluthi moja.

Atasema kwamba bunduki yake ni ya kisasa na inaweza kuhimili. Huenda ni kweli, maana zipo bunduki za leo zilizojengwa kwa chuma bora, na .416 Weatherby ya mwaka 1989 hutumia ganda la ukubwa wa namna hiyohiyo kwa shinikizo la juu. Tatizo ni kwamba chuma si kiungo pekee. Kiungo kilicho dhaifu zaidi ni shaba ya ganda lenyewe, hasa unene wa sehemu ya kitako. Ushahidi wake uko wazi: katika miaka ya 1980, walipotaka kutengeneza risasi ya masafa marefu ya .338 kutokana na ganda la Rigby lililobanwa shingo, ganda hilo halikuhimili shinikizo walilolihitaji, na kampuni ya Lapua ikalazimika kulisanifu upya, ikanenepesha na kuimarisha kitako chake. Kwa nje maganda mawili haya ni ndugu, lakini kwa ndani si sawa. Ukichukua ganda la Rigby la kawaida na kulidai lifanye kazi ya Lapua, shaba itatanuka, itang'ang'ania ukuta wa chemba (tundu la mtutu linalokaa ganda), na komeo litakwama. Hicho ndicho alichokiona shemeji yako.

---

Mkemia wa Changamwe

Nimeyasoma maelezo ya Mwalimu na sina la kupinga. Nitaongeza upande wa joto, kwa sababu sisi watu wa pwani tunalichukulia joto kuwa jambo la kawaida, na baruti hailichukulii hivyo.

Kuungua kwa baruti ni mwendo wa kemia, na kemia hukimbia zaidi inapoanza ikiwa na joto. Punje ya baruti iliyo na digrii 55 inahitaji msukumo mdogo zaidi kuwaka kuliko punje ileile ikiwa chini ya sifuri, na ikishawaka, uso wake unaliwa upesi zaidi. Gesi inazalishwa mapema, wakati kichwa cha risasi bado hakijasogea sana ndani ya mtutu, na hapo ndipo kilele cha shinikizo kinapopanda.

Tuweke hesabu ya makadirio. Mgeni alijaribu risasi zake Montana wakati wa baridi. Tuseme digrii kumi chini ya sifuri. Gari lililofungwa juani katika nchi zetu hufika digrii 55 bila shida, na juu ya dashibodi hupita hapo. Tofauti ni digrii 65. Baruti isiyotulia kwenye joto inaweza kuongeza mwendo wa kichwa kwa karibu nusu mita kwa sekunde kwa kila digrii moja. Hiyo ni mita 32 kwa sekunde, yaani asilimia nne na nusu ya mwendo wa Rigby. Mtu akiitazama namba hiyo ataiona ndogo. Lakini shinikizo hupanda kwa uwiano mkubwa kuliko mwendo, mara mbili au zaidi, kwa hiyo mwendo ukiongezeka kwa asilimia nne na nusu, shinikizo limeongezeka kwa asilimia tisa au kumi. Aliyeanza ndani ya kiwango bado atakuwa na nafasi. Aliyeanza akiwa ameshavuka kiwango kwa hiari yake, kama mgeni huyu, joto linamkuta hana akiba yoyote.

Hili si jambo jipya, na ndiyo sababu ninaona wazee wa Uingereza walikuwa na busara. Baruti yao ilikuwa kordaiti, iliyovumbuliwa mwaka 1889 na Frederick Abel na James Dewar. Ilikuwa nyuzi ndefu mfano wa tambi, na mchanganyiko wake wa kwanza ulikuwa nitrogliserini asilimia 58, nitroselulosi asilimia 37 na vaselini asilimia 5. Nitrogliserini nyingi namna hiyo huwaka kwa moto mkali sana, uliokuwa ukila mitutu, na baadaye mchanganyiko ulibadilishwa ili nitrogliserini ishuke hadi asilimia 30. Kordaiti ilijulikana kwa kubadilika na joto, na risasi za Nitro Express, jamii ya ile .470, zilipelekwa India na Afrika, mahali ambapo sanduku la risasi hukaa juani siku nzima. Kwa hiyo waliacha nafasi. Ganda likawa refu na pana, shinikizo la kawaida likawa chini, ili hata jua la Februari likiongeza lake, ganda litoke kwa kidole. Hapo ninatofautiana kidogo na wanaosema kwamba sababu ilikuwa chuma tu. Chuma kilikuwepo katika hesabu, lakini joto lilikuwepo pia, na kwa mtu aliyesimama mbele ya tembo, ganda lililokwama ni kubwa kuliko hoja zote.

Leo ziko baruti zilizotengenezwa ili zibadilike kidogo sana kwa joto. Nyingi ya zile zinazouzwa na Hodgdon, kampuni ya baruti ya Marekani, kwa sifa hiyo, kama H4350, Varget na H4831, hutengenezwa Mulwala, Australia, nchi ambayo nayo inalijua jua. Mtu anayejaza risasi ili asafiri nazo Afrika angeanzia kwenye jamii hiyo.

Ninataka kutoa onyo moja ambalo limewahi kuwagharimu watu. Namba zilizo juu ya makopo ya baruti si kipimo cha kisayansi; ni majina tu. H4831 na IMR 4831, za majina mawili tofauti ya biashara, zina namba moja na hazina kasi moja ya kuungua. Ile ya IMR huwaka upesi zaidi. Mtu akichukua kipimo cha juu cha H4831 kitabuni na kukijaza kwa IMR 4831, amejiongezea shinikizo bila kujua. Shemeji amuulize mgeni wake ni ipi hasa aliyoitumia, na auone mkebe wenyewe kwa picha, asikubali namba ya kutajwa kwa mdomo.

---

Mzee wa Kisauni

Wanangu, nimefurahi kuona jambo hili linajadiliwa kwa utulivu. Mimi nilibeba bunduki za wawindaji huko Voi na maeneo ya Tsavo nikiwa kijana, kabla ya serikali ya Kenya kupiga marufuku uwindaji mwezi Mei 1977. Tangu hapo sijabeba tena, na sioni vibaya. Wanyama wa Tsavo ni bora wakiwa hai. Ninasema hili kwa vijana watakaosoma hapa wakapata hamu: Kenya hakuna uwindaji wa namna hii, na sheria yetu ya silaha hairuhusu mtu kutengeneza risasi nyumbani pasipo kusajiliwa. Mambo haya hapa kwetu ni ya elimu.

Nitawaeleza tulivyofanya kuhusu joto. Risasi hazikuachwa kamwe juu ya dashibodi wala kwenye sanduku la bati. Zilikaa katika mkoba wa turubai au wa ngozi, chini ya kiti, upande wa kivuli, na zile za siku hiyo zilikaa kwenye mkanda wa mwindaji. Mtu aliyeweka risasi kwenye boneti la gari alikaripiwa, awe bwana mkubwa au awe nani. Tulikuwa tunaifuata kama adabu ya kazi, na leo ninaposoma hesabu ya Mkemia ninaona ilikuwa na maana yake.

Kuna kisa kinachojulikana sana katika kazi hiyo, nacho kinamgusa mgeni wa shemeji yako. Mwaka 1956 Wamarekani walileta .458 Winchester Magnum. Ilikuja wakati risasi za Kiingereza za mitutu miwili zilikuwa ghali na zinaanza kuadimika, na watu wengi wakaipokea, kwa kuwa ilipigwa kwa bunduki ya komeo ya kawaida. Ganda lake lina urefu wa milimita 63.5 tu, ilhali la .470 lina milimita 83. Ili ifikie mwendo uliotangazwa, baruti ilibidi ishindiliwe hadi ikabanwa na kichwa. Ikikaa muda mrefu katika nchi ya joto, baadhi ya baruti hiyo iliganda pamoja kama tonge, isiwake vizuri, na risasi ikatoka kwa ulegevu. Baada ya nyati kumjeruhi huko Msumbiji mwaka 1959, Mmarekani aitwaye Jack Lott alishikilia kwamba ganda refu zaidi linahitajika, na kutokana na hilo ikazaliwa .458 Lott mwaka 1971. Risasi za .458 za kiwandani zilitengenezwa vizuri zaidi baadaye, na leo wapo watu wanaoziamini.

Ninachotaka mkione ni kwamba makosa yako pande mbili. Huyu wa Montana alizidisha, na ganda likakwama. Wale wa mwanzo wa .458 walibana nafasi, na risasi ikalegea. Kote kuwili mwenye kulipa ni yule aliyetangulia mbele majanini, na mara nyingi huyo ni mfuatiliaji wa nyayo, asiye na bunduki. Shemeji yako amefanya haki kukataa.

---

Fundi wa Makupa

Shukrani kwenu nyote, na shikamoo Mzee. Nimempigia shemeji simu na kumsomea. Amesema mgeni bado anashikilia jambo moja: kwamba alipojaribu risasi zake kule kwao, alizitazama fataki (vikombe vidogo vya kuwashia baruti kwenye kitako cha ganda) baada ya kupiga, hazikuwa zimebonyea wala kuwa bapa, komeo lilifunguka kirahisi, na kwa hiyo shinikizo halikuwa kubwa. Je, hiyo si dalili inayotegemewa na wajazaji wote?

---

Mwalimu wa Fizikia, Tudor

Inategemewa na wengi, na kwa risasi za aina hii inapotosha. Fikiria dalili hizo zinatoka wapi. Fataki inakuwa bapa na shaba ya kitako inaacha alama pale shinikizo linapozidi uwezo wa shaba kurudi umbo lake. Kwa maganda mengi hilo huonekana kuanzia megapaskali mia nne na kitu, na hata hapo hutofautiana kwa ugumu wa fataki na ubora wa ganda. Kwa risasi ambayo kiwango chake ni 430, dalili inakuja karibu na mpaka, na inaweza kumwonya mtu kwa wakati. Kwa Rigby yenye kiwango cha 325, mtu anaweza kuuvuka mpaka kwa asilimia 20 na zaidi huku fataki ikionekana nzuri kabisa. Dalili inapojitokeza, mpaka ulishaachwa nyuma zamani. Kwa .470 yenye kiwango cha 270 ni vibaya zaidi, kwa sababu bunduki ya mitutu miwili hufunguka kwa bawaba, nayo huanza kulegea pole pole kabla shaba haijasema neno.

Viwandani shinikizo hupimwa kwa chombo cha fuwele kinachotoa umeme kinapobanwa. Zamani lilipimwa kwa kipande cha shaba kilichopondwa, kisha urefu wake ukapimwa. Ndiyo maana namba za vitabu vya kale haziwezi kulinganishwa moja kwa moja na za leo, hata zikitajwa kwa kipimo kimoja. Mjazaji wa nyumbani hana chombo hicho. Alicho nacho ni kipima mwendo, na hicho ndicho shahidi wake wa kweli. Kitabu cha mtengenezaji wa baruti kikisema kwamba kipimo cha juu kinatoa mita 725 kwa sekunde kwa mtutu wa urefu fulani, naye akapata 760 kwa mtutu wa urefu uleule, basi ziada hiyo imelipwa na shinikizo, fataki iseme lolote. Shemeji amuulize mgeni mwendo wa risasi zake. Kama hajaupima, hajui alichokijaza.

---

Msomaji wa Mji wa Kale

Swali la sufi limesahauliwa, nami ndilo lililonivuta, kwa kuwa kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma historia ya bunduki za mitutu miwili zilizopitia bandari yetu. Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa mwezi Aprili 1909, miongoni mwa bunduki zake ilikuwamo moja ya aina hiyo ya Holland & Holland.

Bunduki ya mitutu miwili hutengenezwa kwa risasi moja maalumu. Mitutu yote miwili inaungwa kwa pembe ndogo sana, na fundi huipiga, huitazama, huyeyusha madini laini yanayoiunganisha na kuisogeza mitutu, mpaka risasi za kulia na za kushoto zinakutana pamoja kwenye shabaha. Mkutano huo hutegemea mwendo wa kichwa, kwa sababu bunduki inaanza kuruka na kupinda upande wakati kichwa bado kimo ndani ya mtutu. Kichwa kikienda polepole kuliko ilivyokusudiwa, mtutu wa kulia hupiga kulia na wa kushoto hupiga kushoto. Kikienda kasi mno, hupishana. Nyingi ya bunduki za Kiingereza za .470 zimechongwa chini ya mitutu maneno yanayotaja greni (kipimo kidogo cha uzito cha Kiingereza) 75 za kordaiti na kichwa cha greni 500. Hiyo ni habari ya kordaiti peke yake, na ole wake atakayeichukua kuwa kipimo cha baruti ya leo.

Sasa, ganda la milimita 83 lilijazwa nyuzi za kordaiti kwa urefu wake, na juu yake likawekwa kifuniko cha karatasi ngumu. Baruti ya kisasa ni punje. Ukitumia ile inayowaka polepole, kama ya jamii ya 4831, inalijaza ganda karibu lote na hapana haja ya kitu kingine. Lakini wapo wanaopenda baruti ya kasi zaidi, kwa sababu inahitajika kidogo na teke la bunduki linapungua. Hiyo huacha nafasi tupu. Bunduki ikielekezwa chini, baruti hukimbilia mbele, mbali na fataki, na moto unaweza kuchelewa au kuwaka bila mpangilio, mwendo ukabadilika kutoka risasi moja hadi nyingine, na mitutu miwili haikutani tena. Kwa hiyo hutiwa kitu chepesi cha kuishikilia baruti nyuma. Wengi leo hutumia nyuzi za poliesta au sponji; wa zamani walitumia sufi, hii hii ya misufi yetu, kwa sababu ni nyepesi, inarudi ikibanwa, na inaungua bila kuacha kitu kigumu.

Lakini si kitu cha kutia kwa kukisia. Sufi nayo ina uzito, na inasukumwa pamoja na kichwa, hivyo hupandisha shinikizo. Kipimo cha baruti kilichoandikwa bila sufi si kipimo cha kutumia na sufi. Pia lazima ijaze nafasi yote kuanzia baruti hadi kitako cha kichwa. Kilicho kibaya zaidi ni kuweka kifuniko cha karatasi juu ya baruti na kuacha hewa kati yake na kichwa, kwa kuwa kifuniko hicho kikirushwa na kugonga kitako cha kichwa kinaweza kutanua chemba mahali pamoja na kuacha alama ya pete ndani yake. Bunduki nzuri za zamani zimeharibiwa hivyo, nazo hazitengenezeki kwa bei ya mtu wa kawaida.

---

Mkemia wa Changamwe

Nyongeza fupi kwa ndugu wa Mji wa Kale, kuhusu wanaopata risasi za kale za kordaiti katika masanduku ya babu zao. Baruti zote za nitroselulosi huoza kwa muda, na joto huharakisha. Hutiwa kemikali ya kuituliza, kama difenilamini, lakini hiyo nayo huisha. Manowari mbili za Ufaransa, Iéna mwaka 1907 na Liberté mwaka 1911, zililipuka bandarini Toulon, na lawama ikaangukia baruti iliyooza kwenye maghala yao. Baruti yenye harufu kali ya asidi, au inayotoa moshi wa rangi ya kahawia nyekundu, au iliyoacha kutu ya kijani ndani ya ganda, haipigwi. Hapa Mombasa mwenye kukuta risasi za aina hiyo azikabidhi polisi, asijaribu kuzifungua.

---

Fundi wa Makupa

Mungu awajaze kheri. Nimeelewa, na hasa hesabu ya komeo imenikaa, kwa kuwa ni hesabu ninayoifanya kila siku kwa mashine za kukandamiza. Shemeji amemfikishia mgeni. Mgeni amekiri kwamba hakuwahi kupima mwendo, na kwamba mkebe wake ulikuwa wa IMR 4831 ilhali ukurasa alioufuata ulikuwa wa H4831. Sasa anauliza kama risasi zilizobaki zinaweza kutumika iwapo zitawekwa kwenye kisanduku cha barafu hadi wakati wa kupiga.

---

Mwalimu wa Fizikia, Tudor

Hapana. Barafu itaondoa ile asilimia kumi ya joto na kuiacha ziada ya baruti palepale. Tena risasi iliyotoka kwenye baridi huota maji inapokutana na hewa ya huku, na ganda lenye maji halishiki ukuta wa chemba, hivyo komeo hupokea nguvu kubwa zaidi kuliko ile niliyoikokotoa. Zisipigwe hata moja. Mgeni aazime bunduki ya kambini yenye risasi za kiwandani, na hizi zake, kwa utaratibu utakaokubaliwa na polisi wa huko, zivunjwe na mtu mwenye chombo cha kuvuta vichwa au zikabidhiwe zilivyo.